Mabomba ya Msoma Mita

Mtaani kwetu Ujiji, upande wa chini unaotazamana na ziwa, watu walimwamkia Msoma Mita kwa heshima zote, kisha wakamsindikiza kwa macho mpaka akunje kona. Nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele. Jina lake la kwenye vyeti lilijulikana ofisini na kanisani kwake. Sisi tulimwita kwa kazi aliyoifanya, ya kupita nyumba hadi nyumba akisoma mita za maji, na alipostaafu kazi iliondoka, jina likabaki. Aliletwa Kigoma kwa barua ya uhamisho, kama watumishi wengi wa mikoa mingine. Wenzake walikuwa wakihesabu siku za kuondoka tangu wanashusha mizigo. Yeye alinunua kiwanja jirani na ziwa, akajenga, akazika mke wake hukuhuku, akakaa. Sisi tukawa tunajiuliza anatafuta nini.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni Mwanga, na kazi yangu ni kumtazama mtu mara moja nikajua kiuno chake. Huyu mzee sikuwahi kumtazama nikapatia. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa buti za kazini hata siku za harusi, na alikuwa na tabia ya kukusalimia huku anatazama chini, miguuni pako, utadhani umekanyaga kitu chake. Ukimpa shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti nzuri, ya mtu mwema kabisa. Ila macho hayakupanda mpaka amalize kuikagua ardhi uliyosimama. Mama alikuwa akisema, "Huyu akija, ficha hata kivuli chako."

Nadhani tabia hiyo aliiokota kazini. Alikutana na kila hila ambayo mwenye bomba anaweza kuibuni. Kuna waliogeuza mita kichwa chini ili namba zirudi nyuma. Kuna waliopitisha bomba la wizi nyuma ya choo, wakijua mtu mstaarabu hatachimba hapo. Yeye alichimba. Kuna jamaa alimfunga mbwa juu ya mfuniko wa mita, mbwa mkali ajabu. Msoma Mita akawa anapita kila siku na kichwa cha samaki mgebuka ndani ya karatasi, mpaka yule mbwa akisikia buti tu anatikisa mkia. Mwenye mbwa alilipa bili akiwa amenuna, na kwa muda mrefu hakumsemesha mbwa wake.

Kwetu naye alifika. Mama alikuwa mwanikaji wa dagaa, na siku ya kusomewa mita aliweka juu yake beseni kubwa la dagaa wabichi, halafu akajitia hamnazo. "Mita? Sijui, baba, labda imezama mchangani." Msoma Mita hakubishana. Alivuta kigoda, akaomba maji ya kunywa, akaketi. Jua likapanda, dagaa wakaanza kuharibika, na mama akalazimika kuinua beseni kwenda kuanika. Mzee akainama, akasoma namba zake. "Asante kwa maji, Mama Zuhura," alisema, akaenda. Zuhura ni mimi. Nilikuwa bado mdogo, na siku ile nilimchukia kwa moyo wote, kwa sababu alimfanya mama aonekane mwongo mbele yangu.

Alikuwa na neno lake: "Usiniambie, nionyeshe." Ukimwambia mvua inanyesha Mwandiga, alitazama kwanza mawingu ya upande ule. Ukimwambia umepona malaria, alikugusa paji la uso. Ukimwambia fulani amefariki, alikwenda kuona, na akishaona alishika jembe.

Hapo ndipo aliponichanganya. Misiba yetu mingi ni ya Kiislamu, naye ni mtu wa kanisani, lakini makaburini alifika mapema kuliko wajukuu wa marehemu. Alichimba mpaka jasho linamtiririka, kisha wakati wa dua akajitenga pembeni, kofia mkononi, mpaka shehe amalize. Mlango wa nyumba yake haukuwa na kufuli. Mwenye shida ya toroli au ngazi aliingia, akachukua, akarudisha siku aliyokumbuka. Kumbe mtu anaweza kukushuku kwa maji na asikushuku kwa toroli? Mimi hilo halikuniingia akilini. Niliona ni ujanja wa kutuzubaisha.

Jambo jingine, aliliogopa ziwa. Hakuna aliyewahi kumwona ndani ya mtumbwi. Alioga kwa ndoo, uani kwake, na maji ya kuoga bure yako palepale. Wavuvi walimtania, "Mzee, panda tukupeleke katikati ukasome mita ya huko!" Naye alijibu bila kucheka, "Hiyo haina haja niifuate. Itakuja yenyewe." Waliocheka ni sisi.

Ikaja kweli. Zamani mvua zikiisha ziwa lilirudi mahali pake, na mchanga wa kuanikia dagaa ukabaki mpana, mtoto akiukimbia anachoka. Kisha mvua zikabadilika. Zilichelewa hadi watu wakaanza kuombea, halafu zikashuka kwa pupa, na zilipokata ziwa halikurudi lilikotoka. Mwaka uliofuata likasogea tena. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Redio ilisema dunia inapata joto na hali ya hewa imevurugika. Wazee walisema liliwahi kupanda enzi zao na likashuka, litashuka. Wengine walishikilia kwamba ule mto unaotoa maji upande wa Kongo umeziba. Mama alisema yeye hajali nani ameliudhi ziwa, anachotaka ni mahali pa kuanikia.

Watu walihangaika kwa mikono yao. Wanawake wa dagaa waliuacha mchanga, wakajenga chanja za miti na nyavu, dagaa wakawa wanakauka juu kwa juu, tena safi kuliko mwanzo. Wengine walipanga mawe. Wengi walijaza viroba mchanga na kuvipanga ukingoni kama ukuta. Msoma Mita alipoona viroba alisimama katikati ya watu wanaotoka jasho. "Mnauchota ufukwe ili ziwa lisile ufukwe," alisema. "Mnamkata mtu mguu mpate ngozi ya kumshonea kiatu." Walimzomea. Kijana mmoja alimwuliza kama yeye ana dawa. Akasema, "Pandeni matete, msiyakate. Na mkiweza, anzeni kutafuta pa kuhamia." Hilo la kuhama ndilo lililowaudhi zaidi. Kesho yake alikuja na toroli la mawe, akalimwaga kimyakimya mbele ya nyumba ya mjane mmoja. Mama, ambaye alikuwa mstari wa mbele katika kuzomea, jioni hiyohiyo alipanda matete.

Ni wakati huo alipoanza kuchimbia mabomba.

Yalikuwa mabomba chakavu ya chuma, yale ya kazini kwake zamani. Maji yalipoanza kusogea mwaka ule wa kwanza, alipita mbele ya kila nyumba ya ukingoni, akapigilia bomba moja pale ufukwe ulipokuwa ukiishia. Kila bomba alilikata kwa msumeno mkato mmoja kulizunguka, kama pete. Mwaka uliofuata akarudi, akapigilia mengine pale maji yalipofika, yenye pete mbili. Kisha tatu. Akishapigilia alitembea kutoka bombani hadi ukutani kwa mtu, anahesabu hatua kwa midomo bila sauti, anageuka, anahesabu tena. Hakuandika popote. Hakusema kitu.

Sasa wewe fikiria uko nyumbani kwako, umeketi kwenye mkeka, halafu mtumishi mstaafu anakuja kupigilia vyuma mbele ya mlango wako na kuhesabu hatua mpaka kwenye ukuta wako. Utafikiri nini? Sisi tulifikiri kiwanja kimeuzwa. Maneno yalianzia kwenye chanja za dagaa na yakaiva hukohuko. Kuna tajiri anataka kujenga hoteli. Mabomba ni mipaka yake. Msoma Mita ameahidiwa nyumba. Ushahidi? Gari jeupe lilisimama kwake mara mbili, wakashuka watu wenye viatu safi, wakaonyeshwa mabomba, wakaondoka. Na yeye mwenyewe alikuwa haishi kwenda ofisi za mjini, amepiga pasi shati.

Mimi si mtu wa kusengenya pembeni nikanyamaza mbele. Nilimfuata. "Shikamoo, Mzee. Haya mabomba ni ya nini?"

"Marahaba. Ya kwangu."

"Najua ni ya kwako. Yanafanya kazi gani mbele ya nyumba ya mama yangu?"

Alinitazama miguu, akatazama na ardhi yote iliyonizunguka. "Nikikuambia kazi yake, kesho nitakuta yamehama," alisema. "Mtu akijua alama ni ya nini, anaisogeza ilale upande wake. Nimefanya kazi na watu miaka mingi, mwanangu."

Nilirudi nyumbani. Kwa hiyo sisi ni wezi, na yeye ndiye wa kutulinda na wizi wetu! Nilimwambia mama, "Huyo ameshatuuza." Mama alikuwa anageuza dagaa. Akasema tu kwamba nyumba ile baba yangu aliijenga mbali na maji kwa makusudi, na majirani walimcheka kwa kwenda kujificha porini, na hakuna wa kuja kumtoa yeye humo kwa vyuma. Nyumba ile ndiyo kitu pekee baba alichotuachia.

Nilichagua Ijumaa, saa ya sala ya adhuhuri. Wanaume walikuwa msikitini, mama kalala, Msoma Mita nimemwona kwa macho yangu akielekea mjini na shati lake la pasi. Bomba la kwanza, lile la pete moja, lilikuwa limeshasimama ndani ya maji ya magotini. Nililikumbatia, nikalitikisa, nikalizungusha, nikaling'oa. Yale mengine yalinishinda, yalikuwa yamepigiliwa kwenye udongo mgumu. Nikaona hata hili moja linatosha. Mpaka bila mwanzo wake si mpaka, ndivyo nilivyojiambia. Nikalifunga kwenye kitenge, nikalipeleka kibandani Mwanga, nikalitundika kwa kamba juu ya cherehani na kuning'iniza magauni ya wateja. Sikumwambia mtu. Nilijiona shujaa, na shujaa yule aliuza magauni mawili siku hiyohiyo.

Baada ya siku kadhaa Msoma Mita akaja kibandani na suruali ya kupunguzwa urefu. Alisimama ananingoja nishone, na macho yake, badala ya kwenda chini kama kawaida, yakapanda juu hadi kwenye bomba. Mkato wa msumeno ulikuwa unaonekana kati ya gauni la kijani na lingine.

"Bomba hili ulilipata wapi?"

"Hapahapa sokoni, Mzee. Kwa wauza vyuma chakavu."

"Ni chuma kizuri."

"Ego," nilisema, yaani ndiyo kwa Kiha, ili nionekane sina wasiwasi.

Alichukua suruali yake akaenda. Hakuniripoti kwa mwenyekiti wa mtaa. Hakumwambia mama. Nami kwa kuwa hakufanya lolote, nilizidi kumwogopa. Nilisema ananiwekea kinyongo, siku yake itafika.

Halafu maji yakaingia. Yaliingia polepole, kwa adabu mbaya. Kwanza jiko la mama, akahamishia mafiga barazani. Kisha choo kikajaa, tukaomba cha jirani. Kisha msingi wa upande wa ziwa ukaanza kutoa unyevu, plasta ikavimba na kudondoka. Nyumba mbili za mbele yetu kuta zilikuwa zimeshaanguka, yamebaki mapaa tu. Wenyewe wakahamia kwa ndugu. Sisi tulikuwa tunalala na masanduku yamepandishwa juu ya matofali.

Ndipo tukaitwa mkutano, asubuhi, uwanjani kwenye ofisi ya kata. Alikuja afisa wa ardhi, binti mdogo tu, ana tepu ya kupimia mkononi. Aliongea wazi. Kuna viwanja vimepatikana juu mlimani. Aliyejenga mbali na ufukwe, ziwa likamfuata, atapewa. Aliyejenga ndani ya mita sitini tangu mwanzo alivunja sheria. Huyo ataondoka bila kiwanja. "Tatizo langu," alisema, "ni kujua ufukwe wa zamani ulikuwa wapi. Nikiwauliza ninyi, kila mmoja ataniambia ulikuwa mbali."

Watu wakaangua kicheko, kwa sababu ni kweli. Msoma Mita akasimama. "Mimi nimeuwekea alama," alisema.

Afisa akasema kumbe ni yule mzee, ndiye ambaye kwa miaka alikuwa akija ofisini kwao kuwaomba waje waone mabomba, na wenzake walikuja kwa gari, wakatazama, wakasema watarudi. Akamwuliza atajuaje umbali bila kipimo. Mzee akasema hatua yake ni mita kamili. Wakaijaribu palepale kutoka mlango wa ofisi hadi barabarani, tepu upande huu, buti upande ule, na tofauti ilikuwa haifiki shubiri. Tukashuka wote ufukweni. Vijana wakaingia majini, wakawa wanayatafuta mabomba ya kwanza kwa miguu, wakiligusa wanapaza sauti, mwingine anazamisha mkono kupapasa pete. Pete moja! Tepu ikavutwa hadi ukutani, mwenye nyumba akaandikwa. Pete moja! Akaandikwa. Wanawake walikuwa wanalia na kupiga vigelegele. Watu waliomzomea walikuwa wanamshika mkono.

Tukafika mbele ya nyumba yetu. Vijana walipapasa, wakazama, wakaibuka mikono mitupu.

"Hapa je?" afisa aliuliza.

Msoma Mita aliyatazama maji kwa muda. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimemshika mama mkono. "Hapa sina alama," alisema.

Mama akasema kwa sauti kwamba nyumba ilikuwa mbali, wote wanajua. Afisa akamjibu kwa upole kwamba wote wa leo wamesema hivyo. Akamwandika kwenye karatasi ya pembeni, ya wasiothibitika. Ningeweza kusema neno moja. Sikusema. Nilimshika mama mkono, nikamwondoa pale kabla hawajamaliza mstari, nikijifanya namwonea huruma kwa jua.

Siku tatu mama hakula vizuri. Siku ya nne nilimkuta anafunga vyungu vyake kwenye majamvi, anaimba kidogokidogo wimbo wa kubembelezea watoto, na hakuna mtoto. Nikamwambia yote, Ijumaa, kitenge, kibanda. Aliendelea kufunga mpaka fundo la mwisho. Sikupigwa, sikutukanwa. Alisema, "Lichukue bomba la watu ulirudishe. Na ukifika usianze na sababu."

Nilimkuta Msoma Mita uani kwake, palipoinuka kuliko kwetu, maji yanalamba ngazi ya nyuma. Nikaliweka bomba miguuni pake. Sikuanza na sababu. Nilisema nililing'oa mimi, nilimdanganya kibandani, na naomba akamwambie afisa lilikuwa wapi.

"Bomba linasema ni langu," alijibu. "Halisemi lilisimama wapi."

"Wewe si unakumbuka, Mzee?"

"Hatua tisini na moja."

Alisema hivyo bila kufikiri, kama mtu anayetaja umri wake. Niliwaka. Nikamwuliza, sasa kama anakumbuka, mbona alikaa kimya mbele ya mama yangu? Alitaka nipige magoti?

"Nikisema ninachokumbuka kwa mama yako," alisema, "na wa nyumba ya tatu ataniambia nimkumbukie na yeye, na yule hakuwahi kuwa mbali. Siku ile walikubali mabomba. Kumbukumbu zangu nani amezikubali?" Akaliinua bomba, akalitazama mkato wake. "Nilikusubiri useme. Ulikuwa umesimama pale. Nikaona umemshika mama yako umeondoka naye, nikasema basi, huyu hatasema."

Nilifikiri atanifukuza. Akasema, "Twende. Mimi nitataja hatua, wewe utataja bomba, na mama yako awepo asikie."

Tulikwenda sote watatu kwa afisa. Nilisema mbele ya watu waliokuwa foleni, na baadhi yao ni wateja wangu. Afisa aliniuliza kwa nini niling'oa. Nikasema nilidhani ametuuza. Akamgeukia mzee, akamwuliza kwa nini hakuwaeleza watu tangu mwanzo mabomba ni ya nini. "Nilidhani wataiba," alisema. Mtu mmoja nyuma yetu akacheka, kisha akaacha. Mama hakumtazama yeye wala mimi. Afisa akasema atalipeleka kwa wakubwa zake, hana ahadi.

Tulikaa wiki nyingi kwa dada yake mama, huko Rusimbi, chumba kimoja, masanduku mpaka mlangoni. Mama aliacha kuniuliza habari za sokoni. Siku jina lake liliposomwa kwenye orodha ya viwanja, alilia akinishika bega kwa nguvu, na nikajua bado ana hasira nami na bado ananipenda. Wakati namfuta machozi akasema, "Nenda kwa Msoma Mita. Mwenzetu hajaonekana huku mlimani."

Mimi sikushangaa kutomwona. Nilikuwa nimeshajipa jibu. Nilisema mtu aliyepima mtaa mzima atakuwa amejichagulia kiwanja cha kona, na pengine viwili, na huenda ameshauza kimoja. Nisikufiche, hata baada ya yote yale ndivyo nilivyowaza. Nilielekezwa Mwandiga. Niliuliza kwa watu wawili watatu, nikaonyeshwa chumba cha kupanga nyuma ya duka la pembejeo. Alikuwa ameketi mlangoni anamenya mihogo. Jirani yake, mama mmoja wa shambani, alipita akamsalimia, "Mwakeye," naye akaitikia kwa Kiha kibovu kilichonichekesha.

"Shikamoo, Mzee. Mama amepata kiwanja."

"Marahaba. Nimesikia. Vizuri."

"Cha kwako kiko upande gani? Tumekitafuta."

"Sina."

Nilidhani anatania, ingawa hakuwa mtu wa utani. Nikamwuliza imekuwaje. Akasema bomba la mbele ya nyumba yake nalo liling'olewa, hajui na nani, na hataki kujua. Siku ile ya mkutano, mimi nikiwa nimeshaondoka na mama, afisa alifika kwake, hakuna alama, akamwuliza kama anakumbuka umbali.

"Nikamwambia hatua hamsini na tatu."

"Hamsini na tatu!" Nilisimama. "Mzee, si ungesema hata sitini na tano? Nani angejua?"

"Nilipojenga sheria hiyo sikuijua," alisema, akichukua muhogo mwingine. "Nilipoijua nilikuwa nimeshaezeka, na mke wangu alikuwa anaipenda ile nyumba. Nikanyamaza. Nimekaa pale miaka yote nikijua ni hamsini na tatu." Alikata muhogo vipande viwili. "Kila nilipopigilia bomba la mtu nilikuwa najua la kwangu litasema nini."

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Niliona aibu, aibu ya kweli. Mtaa mzima tulimshuku mtu yule kwa nyumba aliyoahidiwa, na kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa inamtoa kwenye aliyokuwa nayo. Na mimi nilikuwa nimetoka Rusimbi mpaka pale nikimhesabia viwanja viwili.

Nikamwambia nilichotumwa na mama kama nikikuta hana pake. Kiwanja cha mama ni kipana, tuko wawili tu. Mama amesema upande wa barabarani panatosha chumba na sebule ndogo, vyenye mlango wao, aje ajenge au tumjengee, ni pake mpaka mwisho.

Kisu kilisimama juu ya muhogo.

"Mnataka nini?" aliuliza.

"Hatutaki kitu, Mzee."

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Mama na mimi."

"Na baadaye mtakuja kusema nini?"

Maneno ya hasira yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Halafu nikayajua maneno yake. Ni yaleyale tuliyokuwa tunayasema sisi kwenye chanja, kuhusu yeye. Nikayameza yangu. Nikamwambia hatutasema kitu, akipenda atakuja, asipopenda basi. Akasema atafikiri. Alinifungia mihogo kwenye mfuko nimpelekee mama, akanisindikiza mpaka barabarani, na niliona wazi kwamba hakuniamini hata kidogo.

Mpaka leo hajajibu. Mama ameshachimba msingi, upande wa barabarani.